Kabla hujavuta mvuke wa kwanza

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Unasema muuguzi wa kliniki huko Leicester, kabla ya kukuanzishia tobramaisini ya kuvuta kwa mashine, alikuuliza kama upande wa mama yako kuna aliyepoteza kusikia kwa sababu ya dawa, nawe ukajibu hujui. Sasa waniuliza: bibi alizaliwa kiziwi? Na mvuke wa mapafuni una habari gani na masikio?

Bibi yako alizaliwa anasikia vizuri. Miaka ya sabini aliugua kifua kikuu, akachomwa sindano za streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Zilipofika wiki ya tatu akaanza kusema masikio yanamlilia kama nyenje. Usiku akienda msalani anashika ukuta, ardhi inamyumbia. Alikotibiwa hakuna aliyemuuliza, naye hakusema, akidhani ndio ugonjwa wenyewe. Kifua kilipona. Adhana hakuisikia tena. Nyumbani tukazoea kusema bibi hasikii, basi, na hata mimi niliyekuja kuwa muuguzi sikuwahi kukueleza. Nisamehe.

Streptomaisini, jentamaisini na hiyo tobramaisini yako ni za ukoo mmoja. Zinawaweza bakteria wakaidi kama hao Pseudomonas waliojichimbia kwenye njia zako za hewa, zile zilizoharibiwa na kifaduro cha utotoni. Lakini zikizidi kwenye damu huumiza figo, na huua seli za sikio la ndani ambazo zikifa hazirudi. Ukiivuta, dawa nyingi hubaki kifuani na kidogo tu huingia kwenye damu, ndiyo maana ni salama kuliko sindano. Ila wako watu wachache waliorithi badiliko katika vinasaba vya mitokondria, zile sehemu ndogo za seli zinazotoa nishati, nao huweza kupoteza usikivu hata kiwango cha dawa kwenye damu kikiwa sawa. Januari 2021 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari juu yao. Badiliko hilo mtu hulipata kwa mama yake tu.

Sisemi unalo. Huenda bibi alidhuriwa na wingi wa sindano tu. Lakini kipimo kipo. Wapigie kesho, wasimulie ya bibi kama nilivyokusimulia, na uwaombe wakupime usikivu na figo kabla ya dozi ya kwanza.

Dozi hiyo ivutie palepale kliniki, wapime pumzi zako kabla na baada, maana mvuke wenyewe huweza kubana kifua. Nyumbani anza na salbutamoli, ile ya kupanua njia za hewa, kisha fanya mazoezi ya kutoa makohozi, tobramaisini iwe ya mwisho. Usiichanganye na dawa nyingine ndani ya mashine. Kaa wima, pumua kwa mdomo taratibu, kama dakika 15. Miligramu 300 asubuhi, 300 jioni, nafasi ikaribie saa 12 na isipungue saa 6 kamwe. Siku 28 unavuta, 28 unapumzika. Ukijisikia nafuu siku ya kumi, endelea.

Sauti ikikwaruza usihofu, ni kawaida. Masikio yakianza kulia, au kizunguzungu kikija, usivute dozi inayofuata kabla hujazungumza na daktari, hata kama ni usiku. Akitokea daktari mwingine akakuandikia furosemidi, dawa ya kukojoza maji, mwambie unavuta nini. Na kama wewe na mumeo mmeanza kutafuta mtoto, sema mapema, usione haya: wapo watoto waliozaliwa hawasikii kwa sababu mama zao walichomwa streptomaisini wakiwa wajawazito.

Jioni nitakwenda kwa dada yako nimweleze, maana yeye na wanawe wamo kwenye mstari huohuo wa bibi. Kaka yako naye nitamwambia kwa ajili yake mwenyewe. Watoto wake wana mama yao. Ukipata majibu ya kipimo nipigie, hata kama huku ni usiku wa manane.

Mama yako