Re: Kaunta ya jiko kwenye nyumba ya zamani

Dada, umeuliza uweke marumaru, graniti au mbao kwenye jiko la nyumba ya marehemu bibi, Mji Mkongwe. Jiko liko chini au ghorofani? Kama ni ghorofani, sakafu imelala juu ya boriti za mikoko, na graniti ya unene wa sentimita 2 ina kilo 50 na ushei kwa kila mita ya mraba. Fundi azikague boriti kabla hujatoa hata shilingi.

Marumaru (nasema jiwe lenyewe, si vigae) mimi siweki tena. Mama alisahau nusu ya ndimu juu yake usiku mmoja, asubuhi tukakuta duara lililofifia. Tulisugua weee, wapi! Mpaka leo tunaliwekea birika juu. Na ukwaju hali kadhalika.

Ningekuwa wewe ningechukua mvule au msaji mkavu, unene wa inchi moja na nusu. Upake mafuta ya kitani mpaka mbao ikatae kunywa, urudie kila ukiiona imepauka. Alama za kisu unapiga msasa tu. Pembeni ya sinki ndipo utie kipande cha graniti, maana maji yakituama mbao huwa nyeusi.

Halafu fundi akitaka kupiga plasta ya saruji nyuma ya kaunta, mkatalie kabisa. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Saruji hufungia unyevu ndani, baadaye inabanduka mapande mapande. Mwambie atumie chokaa.