Kabla Hujaagiza Tangazo Lenye Picha ya Mwanamke

Miaka tisa iliyopita, katika karakana yangu ndogo ya matangazo karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, nilitengeneza bango la muuzaji wa mafuta ya nywele. Aliyepigwa picha alikuwa jirani yetu, msusi mwenye nywele nzuri ajabu, na alikubali kwa malipo kidogo kwa kuwa aliipenda kazi yenyewe. Mteja alipoiona picha alisema rangi ya ngozi ing'arishwe, nikaing'arisha kwa kompyuta. Akasema kiuno ni kipana, nikakipunguza. Akasema shingo ni fupi, nikairefusha. Siku chache baada ya bango kutundikwa, yule msusi alikuja akakaa kwenye benchi langu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, yule wa pale dukani ni nani? Mamangu amepita mara mbili, hakunitambua." Sikuwa na la kumjibu. Niliomba radhi, nikaliteremsha bango na kuchapisha lingine kwa gharama yangu, na tangu hapo nimekuwa nikijifunza kutazama upya picha za wanawake, zikiwemo zile za kale za Ulaya ambazo matangazo mengi yamerithi mikao yake.

Picha iliyonifungua macho ni ya Mfaransa Jean-Auguste-Dominique Ingres, aliyoichora mwaka 1814, ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Inamwonyesha mwanamke wa nyumba ya kifalme ya Mashariki amelala bila nguo, amempa mtazamaji mgongo na kumgeuzia uso juu ya bega. Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1819, wakosoaji walilalamika kwamba mgongo ule una pingili nyingi kuliko za binadamu yeyote. Ingres aliujua mwili wa binadamu vizuri sana. Aliurefusha mgongo kwa makusudi kwa sababu alitaka mstari mrefu wenye kupinda kwa ulaini. Niliposoma habari hiyo niliikumbuka shingo ya jirani yangu, nikafahamu kwamba nilichokifanya kwa kompyuta kilikuwa kimefanywa kwa brashi miaka mia mbili kabla yangu, kwa sababu ile ile: mwanamke aliyepo hakutosha, akatungwa mwingine juu yake.

Aliyeiagiza picha hiyo alikuwa mwanamke, Caroline Murat, malkia wa Napoli na dada yake Napoleon. Nalitaja hili kwa sababu wateja wangu wengi ni wanawake wenye saluni, maduka ya mabuibui na biashara za vyakula, na baadhi yao huamini kwamba tangazo likiagizwa na mwanamke haliwezi kumdhalilisha mwanamke. Jicho la mwenye kuagiza huwa limekwisha kufundishwa na picha elfu alizozitazama tangu utotoni, nami jicho langu lilikuwa limefundishwa vivyo hivyo.

Ingres hakuwahi kufika Mashariki, na mwanamke wake alitoka kichwani mwake. Hapa Pwani tunaijua vizuri hali hiyo, kwa sababu tumeiona mara nyingi katika picha za kuwavutia watalii: dada amejifunga leso kifuani, ua sikioni, dafu mkononi, anatabasamu kana kwamba maisha yake yote ni kumngoja mgeni ashuke kutoka uwanja wa ndege. Hatuambiwi jina lake wala shughuli yake. Mwaka mmoja nilipewa kazi ya namna hiyo na hoteli moja, nikapendekeza tumpige picha mpishi mkuu wao, mama wa makamo aliyekuwa akipika wali wa nazi na samaki wa kupaka ambao wageni waliusifu mpaka wakaandika barua. Pendekezo langu lilikataliwa kwa maelezo kwamba mama huyo hana mvuto. Niliiacha ile kazi, na mpaka leo naamini kwamba hoteli ndiyo iliyopata hasara.

Ajabu ni kwamba leso hiyo hiyo anayovishwa dada wa picha ina heshima ambayo picha haina. Nenda Biashara Street uwatazame wanunuzi: mwanamke hushika leso, akapenda rangi na pindo, kisha akasoma jina lake, na maneno yasipomridhisha huirudisha hata kama ua lake linapendeza. Anachagua atakachosema, atamsemea nani, na siku gani. Leso haina sura ya mwanamke, lakini ina kauli yake; bango lina sura yake na mara nyingi halina kauli yake yoyote. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomshauri mteja ni kujiuliza: mwanamke huyu angepewa nafasi, angesema nini kuhusu bidhaa hii? Jibu likikosekana, basi amewekwa pale kama pambo. Njia nyepesi ya kulipima hilo ni kumfunika kwa kiganja na kuangalia kama mnunuzi atakosa taarifa yoyote. Katika bango la duka la matairi lenye dada aliyeegemea gurudumu, hakosi chochote.

Jambo la pili ni macho. Mchoraji wa Italia, Titian, alichora Zuhura wa Urbino, yaani Venus, mungu wa kike wa mapenzi, mwaka 1538 akiwa amelala na kumwangalia mtazamaji kwa ulaini. Mwaka 1863 Mfaransa Édouard Manet alichukua mkao ule ule, lakini mwanamke wake, Olympia, alimkazia mtazamaji macho kama mtu anayejua kwa nini umekuja, na picha ilipoonyeshwa mwaka 1865 watu wa Paris walighadhibika. Mwanamke mmoja aliyelala ni kama mwingine. Ghadhabu ililetwa na yale macho. Lakini mimi, nikiwa mwanamke wa Mombasa, humtazama zaidi mtumishi mweusi aliyesimama nyuma na shada la maua. Manet aliandika jina lake, Laure, katika daftari lake, na bado waandishi wengi walimpita kwa muda mrefu kana kwamba ni pazia. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Orsay, Paris, liliipa picha hiyo jina la Laure kwa muda wa maonyesho. Ukiweka wanawake wawili katika tangazo, angalia ni nani mwenye ngozi nyeusi zaidi na amepewa kazi gani.

Kuhusu nani ashike kamera, nitasema machache. Katikati ya miaka ya 1550 mwanamume mmoja, mchoraji wa Italia Tintoretto, alichora simulizi ya Susana, aliyechunguliwa na wazee wawili alipokuwa akioga. Susana wake ametulia mbele ya kioo, na mtazamaji amepewa mahali pazuri zaidi pa kuchungulia kuliko wazee wenyewe. Mwaka 1610 mchoraji wa kike, Artemisia Gentileschi, akiwa na umri wa miaka 17 hivi, alichora simulizi hiyo hiyo, na Susana wake anajipinda kwa karaha, mikono ameinua kuwakinga wanaume wanaomwinamia. Kwa sababu hiyo humwomba mwenye kupigwa picha anieleze kwanza jinsi yeye mwenyewe anavyoiona kazi yake, ndipo niamue nisimame wapi.

Siku hizi, kabla ya kuwasha kamera, tunaandikiana karatasi moja inayosema ni nini nitakachoruhusiwa kubadilisha: mwanga, mandhari ya nyuma, doa la mafuta kwenye nguo. Rangi ya ngozi, umbo na umri haviguswi. Mteja asiyekubali huenda kwingine, nao wapo. Nakala ya kwanza huipeleka kwa mwenye sura kabla ya kumpelekea mwenye pesa. Mwezi uliopita nilimpelekea mama mmoja wa Kongowea anayeuza mahamri na mbaazi, aliyepigwa picha akiwa ameinamia karai, moshi mbele yake na macho kwenye mafuta. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniambia sura imekaa sawa, ila jina la mtaa anakouzia limeandikwa kwa herufi ndogo mno, niliongeze.