Usikubali Thamostati Itolewe

Mwanangu Neema,

Nimesoma ujumbe wako. Unasema kigari kimechemsha mara ya tatu mwezi huu, safari hii katikati ya mlima Kitonga, na fundi wa hapo Iringa anataka kutoa thamostati, kile kifaa kinachofungulia maji njia ya kwenda kupozwa injini ikishapata joto. Unaniuliza umkubalie, au ukiuze tu upumzike.

Pole sana, mama. Kukwama Kitonga na malori yanakupumulia mgongoni si jambo dogo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si gari.

Thamostati usikubali. Mimi nilikubali mwaka 2016. Mshale wa joto ulishuka, nikafurahi. Kumbe injini ilikuwa haifikii joto lake, ikawa inakunywa mafuta, na ugonjwa umebaki palepale. Kupanda mlima tu, ikachemsha tena. Fundi mwingine, mzee, aliifungua rejeta, ile inayopoza maji ya injini, akaniita nione: vijia vya ndani vimejaa tope jekundu la kutu na chumvi. Alipenyeza waya, haukupita. Miaka yote nilikuwa naijazia maji ya bomba. Tangu siku hiyo natia kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, na hadi nakukabidhi funguo haikuchemsha tena.

Sasa fanya hivi. Asubuhi, kabla hujawasha, fungua mfuniko wa rejeta. Injini ikiwa ya moto usiuguse kabisa, maana maji ya mle yana presha na yanaweza kupita nyuzi 100; ukifungua yanakurukia usoni. Jaza, washa, tazama. Vipovu vinapanda mfululizo bila kukoma? Chomoa kijiti cha oili: imekuwa kama chai ya maziwa? Ukiyaona hayo, gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake cha juu, huenda imekwisha. Mwambie fundi apime kama hedi imepinda kabla hajafunga gasketi mpya. Ikiwa imepinda vibaya, uza, ila mnunuzi mwambie ukweli wote.

Usipoyaona, anza na vya bei ndogo. Raba ya mfuniko ikichoka haishiki presha. Angalia pia feni inazunguka gari likipata moto, kisha ndiyo rejeta izibuliwe. Kimoja kimoja, mwanangu, ili ujue kilichoponya.

Jumamosi njoo na basi, kigari kiache hapo hapo. Na unipigie kabla hujampa fundi hela yoyote.

Mama yako,
Morogoro