Skrini ndogo ya deki ya mikanda

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza skrini ndogo ya kuonyeshea picha za deki ya mikanda na kamera ya video ya zamani; mimi ningenunua skrini ya gari ya inchi 7, ile ya kuonyesha nyuma ukirudi rivasi. Ina tundu la njano la picha na hutumia volti 12, kwa hiyo hata betri ya sola inaiwasha. Nyingi hazina spika, uliza mapema.

La kuangalia hasa ni mfumo wa picha, yaani jinsi chombo kinavyotuma picha kwenye skrini. Deki zetu ni za mfumo wa PAL, ambao picha yake ina mistari 625. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya mfumo wa NTSC, mistari 525. Skrini isiyokubali mifumo yote miwili itakupa picha isiyo na rangi, au inayorukaruka. Ukishuka Mtwara mjini beba kamera, ijaribiwe hapohapo dukani kabla hujalipa.