Hii 2147483647 kweli haigawanyiki?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kuna gemu nacheza, pointi zikifika 2147483647 zinaganda hapohapo, sasa jamaa yangu kaniambia eti hiyo ni namba tasa, haigawanyiki kwa chochote zaidi ya 1 na yenyewe. Nikachukua kikokotoo nikaanza 3, 7, 11, 13, nilipovuka mia mbili vidole vikachoka nikaacha. Ni kweli? Na kabla ya kompyuta walijuaje?

JIBU: Pole na vidole, ila jamaa yako kapatia. Hiyo ni 2 kipeo cha 31 ukatoa 1, namba za aina hiyo wanaziita namba za Mersenne, mtawa mmoja wa Ufaransa aliyetoa 1644 orodha ya vipeo vinavyotoa namba tasa, orodha ina makosa kadhaa lakini kwenye 31 hakukosea.

Aliyethibitisha ni mwanahisabati Leonhard Euler, 1772, tena kwa mkono na macho yakiwa karibu yote yameshazima! Ujanja wake ni kwamba hakujaribu kila namba kama wewe. Kwanza hakuna haja ya kuvuka 46340, kipeuo cha pili kinaishia hapo, kikiwepo kigawo kikubwa zaidi lazima kiwe na mwenzake mdogo chini yake. Halafu ndo utamu wenyewe: kigawo tasa chochote cha namba hii lazima ukikigawa kwa 62 (31 mara mbili hiyo) kibaki 1, na ukikigawa kwa 8 kibaki 1 au 7, kwa hiyo zile 3, 7, 11 zako hazikuwa na nafasi tangu mwanzo. Ukiunganisha masharti yote mawili unapata namba ambazo ukigawa kwa 248 inabaki 1 au 63, na mpaka 46340 ziko 373 tu, na nyingi si tasa (63 yenyewe inagawanyika kwa 3) unazitupa. Zilizobaki hakuna hata moja inayoingia.

Usije ukadhani kipeo kikiwa tasa basi kazi imeisha. 11 ni tasa, lakini 2 kipeo cha 11 toa 1 ni 2047, ambayo ni 23 mara 89. Gawa hizo mbili kwa 22 (11 mara mbili) uone kama haibaki 1.

Kuhusu gemu, hapo utasa hauhusiki kabisa. Namba inatunzwa kwa biti 32 (biti ni nafasi ya 0 au 1), moja ya alama ya chanya au hasi, 31 zilizobaki zikijaa 1 zote ndo unapata hiyo. Kwenye biti 16 mwisho ni 32767, inagawanyika kwa 7, na kwenye biti 64 mwisho ni 9223372036854775807, nayo 7 inaingia bila shida. Na shukuru pointi zako zinaganda tu, aliyeandika programu angesahau kuweka kizuizi, ukiongeza 1 ungejikuta una −2147483648.