Maswali ya Wasomaji: Mezani kwa Walithuania

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mkazi wa Ujiji, Kigoma. Mwezi ujao ninakwenda Vilnius, Lithuania, kwa mafunzo ya wiki tatu, na wenyeji wetu wameahidi kutupeleka kwenye mkahawa wa vyakula vya kwao. Sili nguruwe wala sinywi kilevi. Niagize nini bila kuwavunjia heshima?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza mapema, maana katika mapishi ya huko nguruwe hujificha ndani ya chakula na kwenye mchuzi, mahali ambapo jicho la mgeni halimwoni.

Chakula watakachokusifia kwanza ni cepelinai, madonge makubwa ya viazi yaliyopewa jina la ndege za puto za Zeppelin kwa sababu ya umbo lake. Viazi vibichi hukunwa na kukamuliwa kwa kitambaa, wanga uliotuama kwenye maji yake ukarudishwa, kisha vikachanganywa na viazi vilivyochemshwa na kupondwa. Donge likiiva huwa la kijivujivu na huvutika kidogo, kiasi kwamba mlaji wa ugali wa muhogo kama wewe hatalishangaa. Kwa kawaida ndani yake mna nguruwe wa kusaga, lakini yapo pia yenye jibini laini, nayo huitwa „su varške“. Hata hayo, tafadhali, usiyapokee kabla ya kusema „be spirgučių“, yaani yasimwagiwe vipande vya mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa.

Mimi ningekuchagulia šaltibarščiai, supu baridi ya rangi ya waridi inayotengenezwa kwa bitiruti na maziwa yaliyochachushwa, yenye ukali mwanana kama wa maziwa mgando, pamoja na tango na yai la kuchemsha. Viazi vya moto huletwa kwenye sahani ya pembeni, nawe unakula kijiko cha supu baridi, kisha kipande cha kiazi kinachotoa mvuke. Ni chakula cha kiangazi hasa. Samaki wao maarufu, silkė, hutiwa chumvi na kuliwa baridi, kwa hiyo usitarajie ladha ya mgebuka wa kukaanga.

Gira, kinywaji cha mkate mweusi, huchachushwa na huweza kuwa na kilevi kidogo, omba maji. Mambo haya yote waeleze wenyeji wako siku moja kabla, wapate nafasi ya kuzungumza na mpishi.