Jibu: Premio ya 2003 yenye D4, ninunue?

Ndugu, kwa Toyota Premio hiyo uliyoonyeshwa Kampala, anza na injini. Rangi na viti baadaye. Umesema ni ya lita 2.0, injini ya D4. Hiyo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta, masizi yanaganda juu yake. Matokeo yake gari linatetemeka likisimama, mara linazima kwenye foleni. Pampu yake ya presha nayo haitaki petroli chafu, na ikifa utalia.

Ya lita 1.5, ile yenye injini iitwayo 1NZ-FE, ni nafuu zaidi kuitunza. Za 1.8 za miaka hiyo zinajulikana kwa kula oili kimyakimya. Chomoa kijiti cha kupimia oili mwenyewe, usingoje taa iwake.

Bushi na shokomzoba wewe zihesabu tu kuwa za kubadilisha, barabara zetu unazijua. Spea zimejaa soko la Kisekka hapo Kampala, mpya na za mtumba, ila nenda na fundi wako, si wa muuzaji.

Gari liwashwe likiwa baridi kabisa, ndipo utaona ukweli wa injini. Ukikuta boneti ishapata moto, rudi kesho asubuhi. Kwani muuzaji anataka ngapi?